Usiku wa Ukungu Arkley

Jumamosi ya tarehe 29 Novemba 1975, kati ya saa tatu na saa nne usiku, ndege ndogo ya injini mbili aina ya Piper Aztec iligonga miti kwenye uwanja wa gofu wa Arkley, kaskazini mwa London, ikaanguka na kuwaka moto. Zilibaki kilometa chache tu kufika uwanja wa ndege wa Elstree ilikokuwa ikienda. Watu wote 6 waliokuwemo walikufa. Aliyekuwa akiirusha ni Graham Hill, bingwa wa dunia wa mbio za magari za langalanga mwaka 1962 na tena 1968, na kwa ajili ya jina lake ajali ile inakumbukwa mpaka leo. Mimi wakati huo nilikuwa msichana wa Tanga niliyekwenda Uingereza kusomea unesi, nimepanga chumba Barnet, mwendo wa mguu kutoka hapo. Mlio wa ndege niliusikia kwa masikio yangu.

Vijana wanaopenda magari wakijua kwamba nilikuwa jirani na tukio hilo hunikalisha chini wakitaka habari za Hill. Nawapa ninazozijua. Lakini miaka yote hii zilizonikaa kichwani ni habari za ukungu na za makaratasi, kwa sababu ukungu ndio uliowaponza watu wale, na makaratasi ndiyo yaliyowaumiza waliobaki.

Kwa mtu wa pwani, ukungu ni jambo la kusimuliwa. Tanga tunajua umande wa alfajiri, na anayepanda Lushoto anajua wingu linalolala juu ya migomba hadi jua lipande. Ukungu wa Novemba wa kusini mwa Uingereza una tabia yake. Hauji na tufani. Unakuja siku hewa ilipotulia, usiku ukiwa mrefu na ardhi imelowa. Jua mwishoni mwa Novemba linazama saa kumi jioni. Baada ya hapo ardhi inatoa joto lake, hewa inayoigusa inapoa, na unyevu uliokuwa hauonekani unageuka vitone vidogo vinavyoelea. Mara unaanzia bondeni, mara unakaa kileleni, mara watu wa mtaa huu wanaona nyota na wa mtaa wa pili hawaoni hata mikono yao. Barnet na Arkley ziko juu ya mgongo wa kilima, juu zaidi kuliko uwanja wa Elstree wenyewe. Wingu likishuka kidogo tu, sisi ndio tulioanza kulivaa.

Wodini kwetu walikuwepo wazee waliokuwa wakituchekea sisi wageni tulipolalamika. Kwao ukungu hasa ulikuwa ule wa Desemba 1952, uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe ukalifunika jiji la London siku 5. Kondakta alishuka kwenye basi akatangulia mbele na tochi, dereva akimfuata nyuma polepole. Watu wenye vifua vibovu walikufa kwa maelfu. Hesabu ya kwanza ya serikali ilitaja kama 4,000, na wataalamu wa baadaye wakaifikisha 12,000. Mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya kuzuia moshi mijini, na ukungu wa rangi ya manjano ukapungua mwaka hadi mwaka. "Huu wenu ni mweupe, Nesi," aliniambia mzee mmoja wiki ileile, huku akikohoa. "Ukungu mweupe hauui mtu."

Jumamosi hiyo nilikuwa zamu ya mchana inayoishia usiku. Tulitoka mimi na shoga yangu wa Unguja, ambaye familia yake ilihamia Uingereza baada ya Mapinduzi. Basi lilikwenda mwendo wa kobe, na tulipofika karibu na kwetu tuliona heri tushuke tutembee. Taa za barabarani zilikuwa zimebaki duara za manjano zilizoning'inia hewani bila nguzo. Tulishika kuta za bustani za watu, tukahesabu mageti. Nguo zililowa bila mvua. Baridi yake iliingia kwenye vifundo vya vidole.

Hapo ndipo tuliposikia mlio. Ulitoka nyuma yetu, ukapita juu upande wa magharibi. Ndege tulizozizoea pale zilipita mbali juu, mngurumo mzito wa kuelekea Heathrow. Hii ilikuwa chini, injini zake zinasikika vizuri, zinaunguruma sawasawa kama kawaida. Hazikukatika wala kukohoa. Nalisema hili kwa sababu watu wengi wakisikia ndege imeanguka hudhani lazima injini ilizimika.

"Ndege gani hiyo, na kiza hiki?" shoga yangu akauliza.

"Ya wenye nazo, dada. Labda wanarudi makwao."

"Basi Mwenyezi Mungu awafikishe. Mie hata kwa miguu sifiki."

Tukacheka. Kishindo hatukukisikia. Tulifika nyumbani, mama mwenye nyumba akatufungulia, tukakaa jikoni kwake tukiota moto wa jiko na kunywa chai. Baadaye kidogo ving'ora vikaanza. Gari la zimamoto lilipita barabara kuu pole sana. Tuliona mwanga wa buluu ukivimba na kunywea ndani ya ukungu, ukichukua muda mrefu kuvuka dirisha moja. Mama mwenye nyumba alisema pengine ni nyumba inaungua kule Arkley. Habari za ndege zilikuja kwenye televisheni usiku uleule, na jina la Hill likatajwa.

Mimi jina lile halikuniambia kitu. Lilimwambia kila kitu mama mwenye nyumba, ambaye hakuwahi hata kuendesha gari. Aliweka kikombe chini, akakaa.

Kesho yake niliingia zamu ya asubuhi katika wodi ya wanaume. Siku hizo kila kitanda kilikuwa na kisikilizio cha redio kinachoning'inia ukutani, na Jumapili wagonjwa walizoea kupiga kelele za mpira na farasi. Asubuhi ile kila mmoja alikuwa na kisikilizio sikioni, kimya. Nikageuza shuka, nikapima homa, na kwa kila kitanda nikaongezewa kipande cha habari. Nilipomaliza duru nilikuwa nimemfahamu mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Hill hakufaulu mtihani wa udereva mpaka alipofika umri wa miaka 24. Alianzia kama fundi, akapanda mpaka akawa bingwa wa dunia mara mbili. Alishinda Monaco mara tano. Alishinda mbio za Indianapolis mwaka 1966 na zile za saa 24 za Le Mans mwaka 1972, na mpaka leo hakuna dereva mwingine aliyeunganisha hayo yote. Mwaka 1969 alipata ajali Marekani akavunjika miguu yote miwili. Madaktari walitilia shaka kama angetembea vizuri, lakini Machi iliyofuata alikuwa ndani ya gari la mashindano Afrika Kusini, akamaliza wa sita. Julai 1975 alitangaza kustaafu. Alikuwa na miaka 46, ana timu yake mwenyewe, na amempata kijana wa miaka 23, Tony Brise, ambaye wengi waliamini atakuwa bingwa. Siku hiyo ya Jumamosi walikuwa wakitoka uwanja wa Paul Ricard, kusini mwa Ufaransa, kulijaribu gari jipya la msimu wa 1976. Ndani ya ndege, pamoja na Hill na Brise, walikuwemo meneja wa timu, mchoraji wa magari yao na mafundi wawili. Timu yenyewe ilikufa pamoja nao. Haikuwa na mtu wa kuiendeleza.

"Mtu aliyekimbizana na kifo miaka ishirini kwenye barabara," alisema mgonjwa mmoja, "anakuja kufia uwanja wa gofu."

Kitanda cha mwisho karibu na dirisha alilala mzee aliyekuwa mpiga bunduki wa nyuma katika ndege za mabomu aina ya Lancaster wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huyo hakusema lolote mpaka nilipofika na toroli ya vidonda.

"Nesi, shashi unayo?"

"Ninayo, Bwana. Kidonda kinavuja?"

"Hakivuji. Nipe kipande kirefu nikuonyeshe kitu."

Nilimkatia. Akaikunjua shashi, akaishika tabaka moja mbele ya taa ya kitandani. "Unaiona balbu?" Nikamwambia naiona, hata waya wake naiona. Kisha akaikunja shashi ileile mara nyingi, akaiweka tena mbele ya taa. "Sasa?" Balbu ilikuwa imepotea, kumebaki weupe tu. "Shashi ni ileile," akasema. "Ukiwa juu ya uwanja ukatazama chini moja kwa moja, unatazama tabaka moja. Unaona taa zote, unaona njia, unasema moyoni mwako, nimefika. Ukianza kushuka unatazama mbele kwa mshazari, na hapo matabaka yanaongezeka. Taa zinakuzimikia wewe uliyezoea kuziona."

Nilikuja kuipiga hesabu ile miaka mingi baadaye, na mzee alisema kweli. Ndege kwa kawaida inashuka kutua kwa mshazari wa nyuzi 3. Ukungu wenye unene wa mita 60 ukiutazama kwa wima, jicho linapita mita 60. Ukiutazama kwa mshazari ule wa kutulia, jicho lina zaidi ya kilometa moja ya kupenya. Ndege ndogo kama ile, hata ikipunguzwa mwendo wa kutua, inakula mita zipatazo 45 kila sekunde. Rubani anayesubiri taa zirudi sekunde kumi tu ameshakwenda karibu nusu kilometa akiwa kipofu, na anazidi kushuka.

Mzee alinieleza pia jinsi walivyokuwa wakifanya vitani. Ndege zilizotoka Ujerumani alfajiri, petroli imekwisha, zikikuta Uingereza yote imefunikwa, ziliporomoka ovyo. Serikali ikatengeneza mtambo walioufupisha FIDO: mabomba yenye matundu yamelazwa kando ya njia ya kutulia, yanamwaga petroli inayowashwa, moto unapasha hewa mpaka ukungu unainuka na kufungua uchochoro wa kupita. Mtambo huo uliwekwa katika viwanja 15, na ndege zipatazo 2,500 zilitua kwa msaada wake. Uliteketeza maelfu ya galoni kwa saa. Baada ya vita gharama hiyo ilionekana kubwa mno, viwanja vikarudi kutegemea mionzi ya redio inayomwongoza rubani hadi karibu na ardhi, na viwanja vidogo vikabaki kutegemea macho. Elstree ni mmoja wa viwanja vidogo hivyo.

"Sisi tulikuwa hatuna pengine pa kwenda," mzee alimalizia. "Petroli hakuna, na Wajerumani wako nyuma. Yule wa jana sijui." Akanirudishia shashi. Kwa sababu imeshikwa, ilibidi niitupe.

Ibada ya mazishi ilifanyika kanisa kuu la St Albans, akazikwa Shenley, kijiji alichokuwa akiishi na familia yake. Sikwenda. Lakini kutoka siku hiyo niliijua Shenley iko wapi kwenye ramani, na nikaelewa jambo ambalo hakuna aliyelisema wodini: nyumbani kwake palikuwa dakika chache kwa gari kutoka Elstree. Luton, uwanja mkubwa wenye mionzi ya redio, hauko mbali nao, lakini kwa mtu aliyechoka usiku wa Jumamosi, Luton maana yake ni kutafuta usafiri katika ukungu uleule wakati kwake pako hapo chini, baada ya miti tu. Hakuna anayejua Hill alifikiri nini dakika zile. Mimi nadhani alifikiri kama binadamu yeyote aliyewahi kurudi nyumbani usiku.

Ripoti ya wachunguzi wa serikali ilitoka mwaka 1976, na hapo yakaanza ya makaratasi. Mabaki ya ndege hayakutoa jibu la kukata shauri. Walichoweza kusema ni kwamba huenda rubani alikosea, akashuka chini mno kabla ya kuufikia uwanja. Lakini kwenye kabati la nyaraka walikuta mengi. Ndege ilikuwa na namba za Marekani ubavuni, ila ilikuwa imekwisha kufutwa katika daftari la Marekani na haikuandikishwa penginepo. Kwa sheria, ndege ile haikuwa na nchi. Leseni ya Kimarekani ya Hill ilikuwa imekwisha muda. Kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo kilikuwa kimekwisha. Hata cheti cha Kiingereza ambacho kingemruhusu kuruka katika hali ya hewa kama ile kilikuwa kimepitwa na tarehe.

Ukisoma haraka unaweza kusema ni mambo ya ofisini, mtu hodari amesahau kugonga mihuri. Ndivyo baadhi ya wagonjwa wangu walivyolichukulia. Hill alikuwa amerusha ndege ile miaka mingi, akiwapeleka watu wake mashindanoni kila pembe ya Ulaya. Alijua kazi. Lakini bima haikujali ujuzi. Ndege isiyoandikishwa, rubani asiye na kibali cha usiku ule: bima haikuwa na nguvu. Familia za marehemu wengine zikaidai mirathi ya Hill mahakamani. Wajane na watoto waliokuwa wakikutana kwenye mashindano, wakila pamoja, wakajikuta pande mbili za meza, mawakili katikati. Hakuna aliyekuwa na kosa katika hao. Mjane ana haki ya kudai kwa ajili ya watoto wake, na mjane mwenzake naye ana watoto.

Mtoto wa kiume wa Hill, Damon, alikuwa na miaka 15. Familia iliyokuwa na jina na nyumba kubwa ikapungukiwa. Kijana huyo alipotaka kuingia katika mbio alifanya vibarua, akabeba vifurushi kwa pikipiki mitaani London ili apate pesa. Oktoba 1996 alishinda ubingwa wa dunia huko Suzuka, Japani, mtoto wa kwanza wa bingwa kuwa bingwa. Siku hiyo nilikuwa nimekwisha kurudi Tanga. Niliipata habari redioni, nikamkumbuka mama mwenye nyumba na kikombe chake.

Katika miaka hiyo nilisoma kila nilichokipata kuhusu marubani na ukungu, kwa udadisi tu. Kuna utafiti mmoja uliofanywa mwaka 1954 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ambao walimu wa urubani wanaupenda mpaka leo. Walichukuliwa wanafunzi 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo, wakazibwa wasione nje kama walio ndani ya wingu. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda waliodumu ulikuwa sekunde 178, hazitimii dakika tatu. Sababu iko masikioni: kiungo kinachotupa usawa wa mwili, kikikosa msaada wa macho, kinamwambia mtu amenyooka wakati ndege imelala ubavu, na mtu hulifuata sikio lake kuliko mshale wa kipimo kilicho mbele yake.

Hill hakuwa mwanafunzi, na hilo ndilo linalonifanya niutaje. Vyombo alivijua. Lakini kuamini chombo kuliko mwili wako ni ujuzi unaochakaa usipozoezwa, na ndiyo maana vyeti vile vinaisha muda na mtu anatakiwa apande ndege na mtahini aonyeshe kwamba bado anaweza. Tarehe kwenye cheti ilikuwa na kazi yake. Mimi mwenyewe nimehuisha leseni ya unesi kila ilipotakiwa, nikinung'unika kama wengine juu ya foleni na ada. Kunung'unika hakujakatazwa.

Viwanja vyenye mionzi ya redio vina kanuni inayojulikana na kila rubani wa abiria. Kwa mtambo wa daraja la kawaida, unashuka mpaka futi 200, yaani mita 60 juu ya ardhi. Ukifika hapo hujaona taa za njia, huruhusiwi kutafuta zaidi. Unaongeza nguvu ya injini, unapanda, unakwenda kwingine. Na kama kuona njiani kumepungua chini ya mita 550, hata kujaribu hujaribu. Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba uamuzi umekwisha kufanywa na watu waliokaa mchana, wamekunywa chai, hawana haraka ya kwenda kulala. Rubani aliyechoka hapewi nafasi ya kubishana na moyo wake. Kwenye uwanja mdogo usio na mionzi, hakuna wa kumwamulia. Anabaki yeye, kiza, na nyumbani pale mbele.

Kwetu Afrika Mashariki hatuna majira ya baridi ya namna ile, lakini milima na mawingu tunayo. Aprili 2006 ndege ya jeshi la Kenya iliyobeba wabunge na viongozi waliokuwa wakienda kwenye mkutano wa amani iligonga kilima ikijaribu kutua Marsabit, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikufa watu 14. Nilipoisoma habari ile mwili ulinisisimka, kwa sababu ilikuwa ni Arkley ileile: uwanja uko karibu, ardhi imeinuka kuliko rubani anavyodhani, na anayeendesha anashuka akitafuta kuona.

Siku hizi ndege ndogo zimekuwa kama daladala. Watalii wanapelekwa mbugani, wafanyabiashara wanavuka Pemba na Unguja, wagonjwa wanachukuliwa vijijini. Nimepanda mara kadhaa, na wakati wa masika nimeona abiria wakimjia juu rubani aliyesema tusubiri wingu lipite. Mmoja atasema ana harusi, mwingine kikao, mwingine ataanza kupiga simu kwa wakubwa. Rubani kijana anasimama pale na kofia yake mkononi, anatoka jasho, na kila sauti inayopanda inamsogeza hatua moja karibu na kusema haya twende. Abiria nao huchangia ajali, ila wao hawaandikwi kwenye ripoti.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa abiria. Rubani akikwambia leo hatuendi, au tutatua uwanja mwingine ukalale huko, mpe mkono umshukuru. Usimwulize kama anaogopa. Mwulize hoteli iko wapi.

La pili ni kwa mwenye ndege, na mwenye gari au boti anayebeba watu, hata kama ni marafiki tu. Graham Hill alikuwa shujaa wa kweli, na watu wa wodi ile walikuwa na haki ya kumlilia. Ushujaa wake haukuwalipia kodi wajane. Kabla hujawasha injini, toa leseni, kibali na bima uangalie tarehe. Siku ukifa ukiwa na watu ndani, karatasi hizo ndizo zitakazojibu kwa niaba yako, na watakaoulizwa ni wanao.